Msitu wa Congo ni wa nani? Tuelewane kuhusu habari za kuwasaidia watu wa asili kulinda misitu

Tangu Januari 2025, serikali ya Congo (DRC) ilipotangaza ule Ukanda wa Kijani wa kutoka Kivu mpaka Kinshasa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500,000, maneno yamekuwa mengi. Kuna wanaosema msitu umeuzwa kwa wazungu, kuna wanaosema ni hifadhi mpya na wanavijiji wote watafukuzwa, na kuna wanaosema sasa kila mtu wa msituni atalipwa dola kwa kukaa tu bila kukata mti. Alafu Novemba 2025 ukaja mkutano wa hali ya hewa wa Belém kule Brazil, zikatajwa ahadi za mabilioni kwa ajili ya "watu wa asili na jamii za wenyeji", ndio watu wakachanganyikiwa zaidi. Nani hasa anasaidiwa? Anasaidiwa kufanya nini? Na kwanini hela zote hizo zinatajwa kila mwaka na msitu bado unaisha?

Nitaeleza kwa upana kidogo maana hili jambo lina tabaka nyingi, na mimi naamini wengi tunaanzia mahali pasipo sahihi. Tunaanza na miti, miche, doria, hela za kaboni. Mahali pa kuanzia ni ardhi, yaani nani anatambulika kisheria kwamba huu msitu ni wake, nani ana haki ya kumwambia mgeni "hapa hapana" na akasikilizwa. Hilo likikosekana, msaada wowote unaomwagwa juu yake unavuja.

Kwanza maneno yenyewe

Msitu wa mvua ni ule msitu mnene wa ukanda wa joto unaopata mvua karibu mwaka mzima, miti mirefu inafunika juu mpaka chini jua linafika kwa shida. Mkubwa kuliko yote duniani ni Amazon, wa pili ni wa bonde la Congo. Huu wa Congo umegawanyika katika nchi sita hivi, Cameroon, Gabon, Congo-Brazzaville, Guinea ya Ikweta, Jamhuri ya Afrika ya Kati na DRC, ila DRC peke yake ina karibu asilimia 60 ya msitu wote. Na chini ya sehemu ya msitu huo, pale katikati kwenye vinamasi (mabwawa ya asili), kuna udongo mweusi wa mboji uliojikusanya kwa maelfu ya miaka, wanasayansi walipouchorea ramani mwaka 2017 walikadiria umeshikilia tani bilioni 30 za kaboni. Ukikausha au kuchoma mabwawa yale hiyo kaboni inapanda hewani na kuongeza joto duniani, ndio maana hata watu ambao hawajawahi kufika Mbandaka, mji wa huko, wanauongelea.

Watu wa asili kwa hapa maana yake ni zile jamii zilizokuwepo msituni kabla ya wengine, zinazoishi kwa kuwinda, kukusanya asali, matunda na dawa, na ambazo mara nyingi zimedharauliwa na majirani zao na serikali pia. Congo mashariki tunawajua kama Batwa na Bambuti, ukienda magharibi kuna wengine wenye majina yao. Sheria ya DRC inatumia neno Pigme. Jamii za wenyeji ni neno pana zaidi, linajumuisha na wakulima wa Kibantu ambao wameishi vijijini humo kwa vizazi vingi na wana mila zao za ardhi. Shika tofauti hii, maana huko mbele itakuja kuleta shida.

Sasa ardhi ni ya nani?

Sheria ya ardhi ya DRC ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola, yaani serikali. Yote. Lakini ukienda Walikale au Mambasa, kule mashariki ya Congo, kila kilima na kila mto una wenyewe kimila, wazee wanaweza kukutajia mpaka wa ukoo huu unaishia kwenye jiwe gani na ukoo ule unaanzia kijito gani. Sheria ile ile ya 1973 iliahidi kwamba rais atatoa amri ya kueleza hizi haki za kimila zitashughulikiwaje, ikapita miongo na miongo bila amri hiyo kutoka. Kwahiyo watu wakabaki na ardhi wanayoijua kuliko mtu yeyote lakini mkononi hawana kitu.

Fikiria kiwanja cha familia ambacho babu alikiacha bila hati. Mnaishi pale miaka 60, makaburi yapo pale, miembe mmepanda nyinyi. Siku moja anakuja mtu na karatasi yenye muhuri, anasema hii sehemu ni yangu. Mtaa mzima unajua ni uongo lakini ofisini karatasi yake ndio inasomeka. Na kuna kitu kingine kinatokea hata kabla ya huyo mtu kuja: kwa kuwa mnajua mnaweza kuondolewa wakati wowote, ndugu mmoja anaanza kuuza kipande kwa haraka, mwingine anakata miembe auze mkaa, maana nani atatunza kitu ambacho kesho si chake? Msituni ni hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa tu na kwamba wanaokuja na karatasi ni wengi.

Maana juu ya msitu mmoja unaweza kukuta ramani nne zimelaliana. Kuna ramani ya kimila ambayo ipo vichwani mwa wazee, kuna ya hifadhi iliyochorwa na serikali, kuna kibali cha kampuni ya mbao, na kuna leseni ya madini au kitalu cha mafuta (eneo lililotengwa kutafuta mafuta). Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikiwa ndani ya msitu na yale mabwawa ya mboji, Oktoba 2024 mnada wa mafuta ukafutwa, na 2025 vikatangazwa vitalu vingine. Mwanakijiji aliye katikati ya kitalu hakuulizwa kilipowekwa na hakuambiwa kilipofutwa. Hii ndio hali ambayo watu wanataka kuibadilisha wanaposema "kuwaunga mkono watu wa asili", si habari ya kuwapelekea blanketi na sabuni.

Na nani anakata?

Hapa kuna uongo wa pande mbili. Wa kwanza unasema wanaomaliza msitu wa Congo ni makampuni makubwa ya kigeni peke yake. Wa pili unasema wanaomaliza ni Batwa na wanavijiji kwasababu ya ujinga. Kiukweli ukiangalia picha za satelaiti, sehemu kubwa sana ya msitu unaopotea DRC inaondoka kwa mashamba madogo, mtu anafyeka, anachoma, analima mihogo na mahindi misimu michache, udongo ukichoka anasogea mbele. Miaka ya karibuni nchi inapoteza kama nusu milioni ya hekta za msitu wa asili kila mwaka (hekta moja ni kama ekari mbili na nusu). Amazon ni kinyume, kule ng'ombe na soya za mashamba makubwa ndio zinaongoza.

Lakini kusema "ni wakulima wadogo" usiishie hapo, uliza kwanini wanasogea. Kampuni ya mbao inafungua barabara kwa ajili ya magogo, ikiondoka barabara inabaki, kwenye barabara wanaingia wakata mkaa, wachuuzi, wachimba dhahabu, na familia zinazokimbia vita. Miji nayo inakula, Goma, Bukavu, Kisangani, Kinshasa, mamilioni ya watu wanapika kwa mkaa kwasababu umeme haupo au haueleweki. Kule kilomita 100 msituni mtu anachoma tanuru kwa sababu kuna mama Goma anahitaji kupika maharage. Sasa ukimchukua Mtwa anayekusanya asali ukasema huyu ndiye adui wa msitu unakuwa hujaangalia vizuri.

Je ni kweli watu wa asili wanalinda msitu vizuri zaidi?

Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi, wakiwa na haki zao kamili. Jibu refu linahitaji uangalifu maana hapa ndipo watu wanaotetea jambo zuri wanajikuta wanasambaza takwimu mbovu. Umeshaona ile inayosema watu wa asili ni asilimia 5 ya watu duniani na wanalinda asilimia 80 ya bioanuwai yote, yaani aina zote za viumbe? Ilirudiwa kwenye ripoti na hotuba kwa miaka mingi. Mwaka 2024 kundi la wanasayansi, wakiwemo wanaotoka kwenye jamii hizo hizo, liliandika kwenye jarida la Nature kwamba namba hiyo haina msingi, hakuna aliyewahi kuipima, na ikiendelea kutumika itakuja kuwaumiza wenyewe wanaotetewa. Naomba tuiache, hatuihitaji.

Tunachokihitaji kipo. Mradi wa ramani wa MapBiomas wa Brazil uliangalia miaka 30 kuanzia 1990, ukakuta ardhi za watu wa asili zimepoteza kama asilimia 1 ya uoto wake wa asili wakati ardhi za watu binafsi zimepoteza zaidi ya asilimia 20. Mtu anaweza kubisha akasema labda ardhi zao ziko mbali tu, hakuna barabara. Hoja nzuri. Ndio maana utafiti mwingine wa Brazil uliochapishwa 2020 ulilinganisha ardhi kabla na baada ya kupata umiliki kamili, na ukakuta ukataji unashuka sana baada ya hatua ya mwisho ya umiliki, ile ambayo rais anasaini na ardhi inasajiliwa. Zile ambazo mchakato ulikuwa umekwama katikati hazikuonyesha tofauti hiyo. Yaani ahadi ya haki haikulinda mti, haki yenyewe ndio ililinda.

Lakini tusidanganyane kwamba karatasi ni dawa ya kila kitu. Wayanomami wa Brazil walithibitishiwa ardhi yao mwaka 1992, zaidi ya hekta milioni 9, kubwa kuliko nchi nyingi. Ilipofika miaka ya 2019 mpaka 2022 serikali iliyokuwepo ikaacha kusimamia, wachimba dhahabu haramu wakaingia kwa maelfu, zebaki ikaingia mitoni, malaria na njaa vikafuata, hadi Januari 2023 serikali mpya ikatangaza hali ya dharura ya afya. Hati walikuwa nayo. Kilichokosekana ni dola kusimama upande wa hati. Hivyo ukisikia mtu anasema wape hati alafu waache wajilinde, mwambie hapana, mwanakijiji mwenye upinde hawezi kupambana na mchimbaji mwenye ndege na bunduki.

Kahuzi-Biega, mfano unaouma

Kama unataka kuelewa kwanini mambo ni magumu angalia Kahuzi-Biega, kule Kivu Kusini karibu na Bukavu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 kuwalinda sokwe wakubwa wa Grauer (aina ya gorila), ikapanuliwa 1975 ikafika hekta 600,000. Nia ya kulinda sokwe ilikuwa ya kweli na sokwe wale hawapatikani nje ya mashariki ya Congo. Lakini Batwa waliokuwa wanaishi mle waliondolewa, maelfu yao, bila fidia, bila ardhi mbadala, wakaishia pembeni mwa hifadhi kwenye mashamba ya watu wengine wakifanya vibarua, wengine wakiombaomba. Watu waliokuwa wanajua kila mmea wa dawa mle ndani wakawa wanakamatwa kwa kuokota kuni.

Walisubiri. Walikwenda mahakamani, wakafanya mazungumzo, ahadi zikatolewa hazikutimizwa. Oktoba 2018 baadhi yao wakachoka wakarudi ndani ya hifadhi kwa nguvu. Kilichofuata ni damu, mapambano na askari wa hifadhi, vijiji kuchomwa, watu kuuawa pande zote mbili, Batwa ndio wakiumia zaidi. Na ukweli mwingine ambao watetezi wengi hawapendi kuusema: kwenye baadhi ya maeneo yaliyorudiwa msitu ulikatwa vibaya, mkaa na mbao vikatoka, wafanyabiashara na vikundi vyenye silaha vikiwa nyuma ya biashara hiyo na baadhi ya viongozi wa Batwa wakipata sehemu yao.

Watu wawili wanaisoma habari hii tofauti kabisa. Mmoja anasema unaona, Batwa si walinzi wa msitu. Mwingine anasema ni uzushi, haikutokea. Mimi naona wote wanakwepa. Mtu umemtoa kwake, watoto wamezaliwa na kukulia barabarani, mila za kuongoza msitu zimekatika kwa karibu miaka 50, alafu anarudi bila haki yoyote ya kisheria, akijua anaweza kutimuliwa kesho, katikati ya vita, na mfanyabiashara yupo mlangoni na hela mkononi. Hapo hakuna jamii yoyote duniani ingetunza miti. Rudi kwenye kile kiwanja kisicho na hati.

Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilichapisha uamuzi wake kwenye kesi ya Batwa wa Kahuzi-Biega, ikaona haki zao zilivunjwa na kuitaka serikali iwarudishie ardhi na kuwalipa fidia. Ni uamuzi mkubwa. Utekelezaji ni suala lingine, hasa baada ya Bukavu kuchukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, sasa hivi hata kujua nani wa kumpelekea barua ni shida.

Siyo mbali sana na hapo, kusini, kuna Itombwe. Nayo ilianza vibaya, hifadhi ilitangazwa 2006 bila wananchi kushirikishwa, wakapinga. Tofauti ni kwamba kule walikaa chini, wakachora ramani pamoja na vijiji, mipaka ikarekebishwa, wakakubaliana wapi panalindwa kabisa na wapi watu wanaendelea kulima na kuwinda. Ilichukua miaka. Ila inaonyesha kwamba kulinda wanyama na kuacha watu kwao siyo vitu vinavyogombana lazima.

Karatasi inayoweza kupatikana leo

Wengi hawajui kwamba DRC ina njia ya kisheria ya jamii kupata msitu wake. Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002 ilitaja, amri ya Agosti 2014 ikaeleza, na maelekezo ya 2016 yakakamilisha. Inaitwa konsesheni ya misitu ya jamii za wenyeji, kwa kifupi cha Kifaransa CFCL. Jamii inaweza kuomba mpaka hekta 50,000, inapewa bure, na inapewa milele, haina muda wa kuisha kama kibali cha kampuni. Ardhi kisheria inabaki ya dola lakini msitu unasimamiwa na wenyewe. Watanzania wanaweza kuielewa haraka kwasababu msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 una mawazo yanayofanana.

Namna ya kuipata ndipo unapoona msaada unahitajika wapi. Lazima jamii ijitambulishe kwamba ni jamii moja, koo zikae na kukubaliana, ramani ichorwe kwa GPS huku wazee na vijana wakitembea mpaka mzima kwa miguu, majirani wasaini kwamba hawabishi, muhtasari wa mikutano uandikwe, faili lipelekwe wilayani na kwa gavana wa mkoa. Baada ya kupata konsesheni inabidi waunde mkutano mkuu, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee, alafu waandike mpango wa matumizi, hapa tutalima, hapa tutakata mbao kidogo, hapa hapaguswi. Hakuna hatua hata moja hapo inayozidi akili ya mwanakijiji. Ila kuna gharama, safari ya pikipiki siku mbili kwenda mjini, mtaalam wa ramani, chakula cha mkutano wa watu 200, kurudi tena kwa sababu faili lina kasoro. Jamii peke yake haiwezi, na ndipo mashirika ya Congo yenyewe yanapofanya kazi ambayo haionekani kwenye picha. Mpaka sasa konsesheni hizi zimeshapita hekta milioni 2 kwa jumla. Kwenye eneo kati ya Kahuzi-Biega na Itombwe shirika la Strong Roots la Bukavu limekuwa likisaidia vijiji kupata konsesheni zinazoungana, ili sokwe wawe na njia ya kupita na watu wabaki na ardhi yao.

Na ile shida niliyoigusa mwanzo? Hii hapa. Konsesheni inatolewa kwa jamii za wenyeji, na mara nyingi wanaozungumza kwenye mkutano ni wakuu wa koo za Kibantu. Batwa wanakaa nyuma, wakati mwingine wanaitwa kupigwa picha na kuweka dole gumba tu. Wanawake vivyo hivyo, wakati wao ndio wanajua kuni, maji, uyoga na dawa viko wapi. Kwahiyo unaweza kuwa na karatasi nzuri inayohamisha msitu kutoka kwa serikali kwenda kwa mzee mmoja na wajomba zake. Julai 2022 DRC ikapitisha sheria maalum ya kulinda na kukuza haki za watu wa asili Pigme, sheria namba 22/030, inayotambua haki yao kwenye ardhi na inayotaka ridhaa yao kabla ya mradi kuanza. Congo-Brazzaville walikuwa na sheria yao tangu 2011, ya kwanza Afrika. Sheria ipo, sasa hakimu wa Mambasa awe nayo mezani na Mbuti awe na nauli ya kumfikia.

Hiyo ridhaa watu wanaichukulia kijuujuu sana. Ridhaa huru, ya mapema, yenye taarifa kamili, maana yake waulizwe kabla, kwa lugha yao, bila kutishwa wala kununuliwa, na wawe na nafasi ya kukataa. Kule Ecuador jamii ya Waorani ilishinda kesi Aprili 2019, mahakama ikaona mashauriano ya serikali ya mwaka 2012 kuhusu mafuta kwenye ardhi yao hayakufanyika ipasavyo, na kama hekta 200,000 zikalindwa. Mkutano wa saa mbili wenye soda na orodha ya mahudhurio hauwezi kuitwa ridhaa.

Hela zinaenda wapi?

Glasgow, Novemba 2021, nchi tano tajiri na taasisi za hisani 17 ziliahidi dola bilioni 1.7 kusaidia haki za ardhi za watu wa asili na jamii za wenyeji mpaka 2025. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilionyesha zilizofika moja kwa moja kwenye mashirika ya jamii hizo ni asilimia 7. Mwaka uliofuata zikashuka mpaka asilimia 2.1. Zilizobaki zilipita kwa mashirika makubwa ya kimataifa, mashirika ya Umoja wa Mataifa, washauri, serikali. Sisemi zote zimeibiwa, hapana, wengine wanafanya kazi nzuri na ukaguzi wa hesabu una gharama zake. Lakini mlolongo ukiwa mrefu hivyo kila ngazi inakata ofisi, gari na mishahara, mwisho kijijini inafika semina ya siku tatu.

Wafadhili wanasema jamii hazina uwezo wa kushika hela nyingi. Ni kweli kwa kiasi, kikundi cha Batwa kisicho na akaunti ya benki hakiwezi kujaza fomu ya kurasa 80 za Kiingereza. Dawa yake inajulikana, mifuko inayoendeshwa na jamii zenyewe, inayopokea hela kubwa na kuzigawa ndogo ndogo, fomu fupi, kwa Kiswahili, Lingala au Kifaransa, na muda wa miaka 5 au 10 badala ya mradi wa miezi 18. Belém ahadi ikarudiwa tena kwa miaka mitano inayofuata, na mfuko mpya wa misitu ulioanzishwa na Brazil (TFFF) umeweka kanuni kwamba angalau asilimia 20 ya malipo iende kwa jamii. Tuwashike hapo, tuulize kila mwaka asilimia ngapi imefika.

Kwenye kaboni nitasema kidogo tu. Kampuni inapokuja kijijini kusema itawalipa kwa kutunza msitu, inakwenda kuuza huo utunzaji kwa wachafuzi wa hewa huko nje. Haimaanishi msitu umenunuliwa, ila mkataba unaweza kuwafunga miaka 30 au zaidi. Jamii yenye umiliki inakaa mezani kama mwenye mali, isiyo na umiliki inakaa kama mnufaika anayesubiri darasa la bati. Kabla ya kusaini waulize mapato yote ni kiasi gani, sisi tunapata asilimia ngapi, nani atatunza vitabu, na tukitaka kutoka tunatokaje. Na wawe na mwanasheria wao, asiyelipwa na kampuni.

Ule Ukanda wa Kijani nilioanza nao, serikali inasema watu watabaki ndani na kutakuwa na kilimo na kazi humo. Sawa. Kwa niliyoeleza hapo juu utaona maswali ya kuuliza: konsesheni za jamii zilizomo ndani zitaheshimiwa? Vitalu vya mafuta vinavyolaliana nao vitafutwa? Batwa na Bambuti walikubali kwa mkutano gani? Majibu ya hayo ndiyo yataamua kama ni Itombwe au ni Kahuzi-Biega kwa ukubwa wa nchi nzima.

Sisi wa Afrika Mashariki

Usidhani hili ni la Congo tu. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walishinda kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaagiza warudishiwe ardhi kwa umiliki wa pamoja na walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Novemba 2023 wakaondolewa tena sehemu ya Mau kwa jina la kulinda msitu. Ushindi wa mahakamani bila shinikizo la wananchi unakaa kwenye faili.

Na kuna hili la mbao. Mbao ngumu za mashariki ya Congo zinavuka mpaka kwenda Uganda, Rwanda na Kenya kwa miaka mingi, na sehemu kubwa haina karatasi za kueleweka. Kitanda na milango ya Kampala na Nairobi inatoka kwenye msitu wa mtu. Fundi anaweza kuulizwa mbao imetoka wapi na imepitia mpaka gani, wenye miradi mikubwa, hoteli, shule, makanisa, misikiti, wanaweza kudai nyaraka kabla ya kulipa, na jamii zenye konsesheni zina haki ya kukata na kuuza mbao kihalali kwa mpango wao, kwahiyo kuwatafuta hao na kununua kwao ni msaada wa moja kwa moja kuliko mchango wowote. Tatizo la sasa ni kwamba mbao halali ya kijiji inakutana sokoni na ya magendo ambayo haijalipia chochote na ni rahisi zaidi, na mpaka forodha za pande zote mbili zianze kuuliza cheti cha konsesheni kwa kila lori, kijiji kilichofuata sheria ndicho kitakuwa kinapata hasara.